Usiingie Chumba cha Upasuaji na Siri Tumboni

Katika toleo hili nimeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kwa wepesi, nalo ni maandalizi ya mgonjwa anayepasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utamsikia mtu akisema, "Aa, hiyo ni operesheni ndogo tu!" Ndiyo, operesheni yaweza kuwa ndogo, lakini usingizi wa dawa, yaani nusukaputi, hauna udogo.

Historia yatufunza. Tarehe 28 Januari 1848, huko Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alivutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu, jamani! Alifariki dakika chache baadaye, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana ni nini hasa kilichomuua. Hata hivyo tusiogope kupita kiasi. Mwaka wa 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow, Scotland, aliripoti upasuaji 8,988 wa watoto waliorudi nyumbani bila kulazwa. Siku hizi tena kuna kile kifaa kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu. Kwa hivyo jambo hili lawezekana, mradi mgonjwa naye atimize sehemu yake.

Je, mbona tunakatazwa kula? Hebu tukumbuke somo la Biolojia. Tunapomeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa. Tone likipotea njia, mara moja tunakohoa. Nusukaputi humlaza mgonjwa pamoja na mlinzi huyo. Basi chakula na asidi vyaweza kupanda kutoka tumboni, vikapitia umio na kuteremkia mapafuni, naye mgonjwa asikohoe hata kidogo. Mwaka wa 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha uchunguzi wake kuhusu akina mama 44,016 wajawazito. Kati yao, 66 waliingiwa na vitu vya tumboni mapafuni wakiwa katika usingizi wa dawa. Wawili walifariki kwa kusongwa na chakula kigumu.

Ndiyo sababu kanuni ya kawaida husema hivi: chakula chepesi kikomeshwe muda wa saa 6 kabla ya usingizi, na vyakula vya mafuta kama nyama choma muda wa saa 8 au zaidi. Maji matupu aghalabu huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Lakini ukipewa masharti na hospitali yako, fuata hayo. Hapa sisi Wakenya hunaswa na kikombe cha chai. Chai ya maziwa si maji! Uji nao ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani.

Mdogo wangu alikuwa apasuliwe ngiri. Alfajiri nyanya alimwonea huruma akampa kikombe cha uji. Kufika hospitalini muuguzi akauliza, na mama akasema kweli. Operesheni ikaahirishwa hadi wiki iliyofuata. Nauli ikapotea, baba akanung'unika njia nzima. Lakini nauliza, nauli na mapafu ya mtoto, kipi chapatikana tena? Wiki iliyofuata alikwenda na tumbo tupu, na jioni hiyo alikuwa nyumbani akidai chapati.

Siri si za tumboni pekee. Mweleze daktari wa usingizi haya yote:

1. Pumu, kisukari, seli mundu, au hata mafua na kikohozi cha juzi.
2. Dawa unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Usiziache wala usizimeze siku hiyo kabla ya kuuliza.
3. Sigara, pombe au miraa. Yeye hakuulizi ili akuripoti kwa mwalimu mkuu!
4. Dawa zinazokudhuru, na jamaa yeyote aliyewahi kupata shida kwa dawa ya usingizi.
5. Jino linalolegea. Rangi ya kucha nayo iondoe, kwani yaweza kukipotosha kile kifaa cha kidoleni.

Baada ya kuamka usijidanganye kwamba umepona kabisa. Dawa hubaki mwilini. Uwe na mtu mzima wa kukupeleka nyumbani na kukaa nawe usiku huo. Kwa muda wa saa 24 usiendeshe gari wala baiskeli, usipike jikoni peke yako, wala usitie sahihi hati yoyote ya maana. Ukitokwa na damu nyingi, ukitapika bila kukoma, ukishindwa kukojoa au ukipumua kwa shida, rudi hospitalini upesi. Usingoje kupambazuke.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba amri isiyoelezwa huvunjwa kwa upendo. Anayempa mgonjwa uji hana nia mbaya, ila hajaambiwa sababu. Sisi tuliosoma habari za kidakatonge ndio wa kuwaeleza walio nyumbani, tena usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla moto haujawashwa.