Mchanga wa Zege Ukiadimika



Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Kazi ya mchanga ni kujaza nafasi zilizo kati ya kokoto. Mchanga ukipungua, zege hubaki na matundu. Zege la namna hiyo ni dhaifu.

Wengi wetu huchota mchanga mtoni. Lakini mito mingi hukauka wakati wa kiangazi. Maji hubaki chini, ndani ya mchanga, na akina mama huyafukua huko. Mchanga ukiisha, maji nayo huisha. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito.

Je, tuchote mchanga wa pwani? La. Una chumvi. Chumvi huzitia nondo kutu. Nondo zenye kutu huvimba na kulipasua zege.

Iko njia nyingine. Mahali panapopasuliwa kokoto hubaki vumbi la mawe. Vumbi hilo laweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga. Fuata hatua hizi:

1. Chagua vumbi la mawe magumu. Lisiwe na udongo.

2. Lipime. Tia vumbi katika chupa ya kioo, kina cha sentimita 5. Ongeza maji, tikisa sana, kisha acha litulie kwa saa 3. Tope hukaa juu. Likizidi milimita 3, osha vumbi kwanza. Mchanga nao hupimwa hivyo hivyo.

3. Changanya kwa ndoo moja: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 1, vumbi ndoo 1, kokoto ndoo 4.

4. Tia maji kidogo kidogo. Chembe za vumbi zina kona kali, hivyo zege hili ni zito kukoroga. Usiongeze maji ili kupunguza kazi. Maji yakizidi, nguvu ya zege hupungua.

5. Lifunike zege na kulimwagilia kwa siku 7.

Anzeni na sakafu. Kwa nguzo na boriti, mwoneni kwanza fundi mwenye ujuzi.

Maswali

1. Kwa nini mchanga wa pwani haufai?
2. Mchanga wa mto wenu ukiisha, mtachota maji wapi?
3. Pimeni mchanga wa kijiji chenu kwa chupa. Mmeona nini?