Paipini Hukatwa Hanamu

Mwaka juzi nilishona foronya 6 za mito kwa nyumba moja ya wageni kule Diani. Kitambaa kilikuwa leso: mji wa leso, yaani sehemu yake ya kati, nimeuweka katikati ya mto, na ukingoni nimezungusha paipini nyeupe ya poplini. Zilipotoka hapa Ramisi zilikuwa zimenyooka kama zimepigiwa rula. Wiki tatu baadaye zikaletwa tena ndani ya gunia. Zilikuwa zimefuliwa mara moja tu, kwa maji ya moto, na kila foronya ilikuwa imejikunja pembe zote nne kuelekea katikati, mfano wa ng'onda aliyeachwa juani.

Nilikaa nazo barazani nikafumua moja, mshono kwa mshono. Leso haikuwa na kosa, maana nilikuwa nimeifua kabla ya kuikata. Poplini pia. Kilichorudi ni kamba iliyo ndani ya paipini. Nilichukua kipande cha kamba ileile kilichobaki, nikakipima mita 1 kamili, nikakichovya kwenye maji yanayochemka, nikakianika. Kilipokauka kilikuwa sentimita 94. Mto wangu ulikuwa na ukingo wa sentimita 180, kwa hiyo kamba ilikuwa imevuta karibu sentimita 11 za kitambaa ambacho hakikuwa na pa kwenda. Nilizishona upya zote 6 bila kudai malipo, na tangu siku hiyo hakuna kamba inayoingia kwenye kazi yangu kabla haijachemshwa.

Asiyeijua paipini kwa jina, bila shaka anaijua kwa macho. Ni ule ukingo mwembamba wa mviringo unaotokeza kwenye mshono wa mto, wa kochi, wa godoro la baraza, au kwenye kola ya gauni. Ni utepe wa kitambaa uliofunika kamba, ukabanwa katikati ya vipande viwili vya nguo. Wengi huiona kama pambo tu. Mimi naiheshimu kwa sababu nyingine: ndiyo inayoumia badala ya mshono. Mto wa baraza hukaliwa, huburutwa, husuguliwa na ukuta wa chokaa mwaka mzima. Pasipo paipini, panapochanika kwanza ni pale kitambaa kilipokunjwa ukingoni. Penye paipini, utepe ndio unaolika, na utepe unaweza kufumuliwa ukatiwa mwingine, leso ikabaki ilivyo.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja fundi wa Msambweni, aliyeanza kushona zamani kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokuwa kinafanya kazi. Kiwanda kile kilifungwa 1988, mimi sijazaliwa, lakini yeye aliyahesabu maisha yake kwa hicho: kabla ya kiwanda kufungwa na baada ya kiwanda kufungwa. Siku ya kwanza hakunipa cherehani. Alinipa kipande cha marekani akaniambia, "Mwanangu, kivute." Nikakivuta kwa urefu, kikakaza. Nikakivuta kwa upana, kikalegea kidogo tu. "Sasa kishike pembe na pembe." Nikakishika hivyo nikavuta, na kitambaa kikarefuka mikononi mwangu kama mpira. "Basi paipini hukatwa hapo," akasema. "Hukatwa hanamu."

Sababu iko kwenye ufumaji wenyewe. Kitambaa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu na za mshindio zinazokatisha. Ukivuta sawasawa na nyuzi, unauvuta uzi wenyewe, na uzi hautaki. Ukivuta kwa mshazari, nyuzi hazivutwi. Zinainama tu pale zinapopishana, kwa hiyo kitambaa kinapinda bila kukunjamana. Utepe uliokatwa sawa na ukingo wa kitambaa utakaa vizuri kwenye mstari ulionyooka, lakini ukifika kwenye kona utajikunja vikunjo vidogovidogo ambavyo hata pasi haiviondoi. Nimeona mafundi wakikata utepe ulionyooka ili kuokoa kitambaa. Kazi hiyo hujulikana toka mlangoni.

Kupata hanamu ni rahisi. Chukua kitambaa chenye pande nne sawa, kunja pembe moja mpaka ifikie pembe inayoikabili, piga pasi. Alama ya mkunjo ndiyo hanamu yako, na mistari yote ya kukata utaichora kwa chaki ikiwa sambamba nayo.

Upana wa utepe hutokana na kamba. Mzee alipima kwa inchi na kwa macho. Mimi hupima kwa sentimita. Zungusha tepu ya kupimia kwenye kamba upate mzunguko wake, kisha ongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande. Kamba yenye unene wa milimita 5 ina mzunguko wa karibu sentimita 1.6, ukiongeza 3 unapata 4.6, nami hukata 5 ili nibaki na nafasi ya kupunguza. Kwa kola ya gauni natumia kamba ya milimita 2 au 3, na utepe wa sentimita 4 unatosha.

Kujua kitambaa kitatoa utepe wa urefu gani, zidisha upande kwa upande, gawanya kwa upana wa utepe. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 ni 2,500. Gawanya kwa 5, unapata sentimita 500, yaani mita 5. Mto wa sentimita 45 kila upande unataka 180, pamoja na kama 10 za kuungia, jumla 190. Kwa hiyo kipande kile kinakutosha mito miwili na kubakiza, hata ukitoa kinachopotea kwenye maungio. Hesabu hii hunisaidia sana kabla ya kuvuka kivuko cha Likoni kwenda Biashara Street, maana kutoka Ramisi ni safari, na kurudi Mombasa kwa ajili ya nusu mita ya poplini ni hasara tupu.

Tepe zikishakatwa huunganishwa. Weka tepe mbili uso kwa uso, moja ikikatisha nyingine kama herufi L, shona kutoka pembe hadi pembe, punguza, fungua mshono upige pasi. Ungio la mshazari huutawanya unene, hivyo halionekani kama fundo paipini ikishazungushwa. Usiunganishe kwa mshono ulionyooka hata kama una haraka.

Kuhusu kamba yenyewe, ya pamba ndiyo bora, iliyosokotwa laini, iliyochemshwa na kukauka. Watu wa huku Pwani hatukosi kamba. Wavuvi wa Funzi na Shimoni wanazo za kila unene, na nilijaribu ya nailoni kwa kufikiri kwamba haitarudi. Kweli haikurudi. Lakini nilipopiga pasi iliyeyuka ndani ya utepe ikawa ngumu kama ukucha. Ukikosa kamba ya pamba, utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa unafaa kwa paipini nyembamba, mradi uuchemshe vilevile.

Sasa tufike kwenye cherehani. Mguu wa kawaida una vidole viwili, nao utapanda juu ya kamba na kuyumba. Vaa mguu wa zipu, wenye kidole kimoja, ili sindano iweze kukaa ubavuni mwa kamba. Kunja utepe juu ya kamba, uso wa kitambaa ukiwa nje, linganisha kingo zake, shona kwa mishono mirefu ya milimita 4. Msitari huu wa kwanza usiubane sana na kamba. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: hubana mara ya kwanza kwa nguvu zote, na baadaye msitari huo hujitokeza upande wa nje kama ndevu. Kazi yote ina mistari mitatu, na kila msitari unaofuata husogea karibu zaidi na kamba, ili ule wa mwisho uifiche miwili iliyotangulia. Wa kwanza hufunika kamba. Wa pili hushika paipini kwenye uso wa mbele wa mto. Wa tatu huunganisha mbele na nyuma, na huo ndio hubana kweli, kwa mishono ya milimita 2.5. Usiuvute utepe unaposhona. Hanamu inavutika, na ukiivuta itakulipa kwa kusokoteka.

Unapoibandika kwenye uso wa mbele, kingo mbichi za paipini zilale juu ya kingo mbichi za kitambaa, kamba ikitazama ndani. Anza katikati ya upande wa chini, kamwe usianze kwenye kona, na uache mkia wa sentimita 5 bila kuushona. Ukiwa mgeni wa kazi hii, piga bandi kwanza kwa mkono kuzunguka mto mzima. Bandi huchukua robo saa. Kufumua kunachukua asubuhi yako yote.

Kona ndiyo huwashinda wengi, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Sentimita 1.5 kabla ya kufika mwisho wa upande, simama. Chukua mkasi wenye ncha kali, tia mipasuo midogo 3 kwenye sehemu ya mshono ya paipini, kila mmoja ukaribie uzi bila kuugusa. Utaona utepe unafunguka kama vidole. Endelea kushona ukiuzungusha taratibu. Kwenye kona yenyewe zamisha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu, geuza kazi, shusha mguu, endelea. Nami siikati kona ya mto ikawa kali. Naichora kwa kuzungusha kisoda, kwa sababu kona kali ikijazwa sufi au sponji huchongoka na kubaki tupu, na paipini yake hulika mapema kuliko pengine pote.

Kuunganisha mwanzo na mwisho ni hivi. Ukikaribia ulipoanzia, bakiza nafasi kama ya upana wa kiganja. Fumua sentimita 3 za mkia mmoja, rudisha kitambaa nyuma, kamba ibaki wazi. Kata kamba mbili zikutane ncha kwa ncha, zisipandane. Kunja ukingo wa ule utepe uliofumuliwa sentimita 1 kwa ndani, ulaze mkia wa pili juu yake, ufunike, shona. Mteja akipitisha kidole kuzunguka mto asilihisi ungio. Mimi hufumba macho nikapitisha kidole mwenyewe kabla ya kutoa kazi.

Kisha weka upande wa nyuma, uso kwa uso na ule wa mbele, geuza kazi ili uone msitari wa pili, na ushone ndani yake kidogo, ukiisikiliza kamba kwa ncha ya kidole. Zipu itangulie kutiwa kwenye upande wa nyuma na iwe ya plastiki. Huku kwetu upepo wa chumvi huila zipu ya chuma, ikaacha kutu kwenye kitambaa cheupe, na vilevile pini usiziache ndani ya kazi ikalala nazo usiku.

Upande wa rangi kila mtu na jicho lake, lakini nina mapenzi yangu. Kwa mto wa leso napenda paipini isiyo na maua, ya rangi iliyofichika ndani ya mji wa leso, ile ambayo mtu haioni mpaka ukingo uiite. Leso yenyewe ukiikata, hakikisha jina, yaani maandishi yake, halikatwi katikati. Wageni hununua mto kwa rangi, wenyeji tunausoma kwanza. Na kama una kikoi cha zamani, usikitupe. Kata utepe wake hanamu. Mistari iliyokuwa imenyooka itazunguka kamba kwa mshazari, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, na paipini itaonekana kama kamba ya jahazi iliyosokotwa kwa rangi. Mara ya kwanza nilipoiona ikitoka chini ya mguu wa cherehani nilisimamisha kazi nikamwita mama jikoni aje atazame.

Leo mezani nina godoro la baraza, sentimita 180 kwa 60. Ukingo wake ni mita 4.8, nalo linataka paipini juu na chini, kwa hiyo ni mita 9.6, na za kuungia jumla 9.8. Kipande cha sentimita 70 kwa 70 kingetoa mita 9.8 kamili, bila hata kidole cha ziada, basi nimekata 75 kwa 75. Kamba iko kwenye sufuria, na maji yameanza kutokota.