Anga la Ukambani Jukwaani: Uteuzi wa Mada ya Usafiri wa Angani katika Mawasilisho ya Shuleni

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kujadili jambo ambalo walimu wa Kiswahili hulitengea muda mchache mno, nalo ni uteuzi wa mada ya kuzungumzia. Tunapofundisha stadi ya kusikiliza na kuzungumza, tunasisitiza matamshi, kiimbo, ishara za mwili na mtazamo wa macho. Mada yenyewe huachwa ijitafutie njia. Matokeo yake huwa ni hotuba iliyo safi kisarufi lakini kavu kimaudhui.

Katika muhula wa kwanza wa 2025, nikiwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya kutwa katika Kaunti ya Kitui, niliwaagiza wanafunzi wawasilishe mada kuhusu usafiri wa angani. Kati ya wawasilishaji wanane, sita walianza na ndugu Wright na mwaka wa 1903. Darasa lilipiga miayo. Nilipomuuliza msichana mmoja kwa nini hakutafuta mada nyingine, alinijibu, "Mwalimu, mambo ya ndege ni ya watu wa Nairobi." Jibu hilo lilinichoma. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimewapa mada pana kama bahari nisiwape chombo cha kuivukia.

2.0 Mada Iliyodondoka Mukuku

Wiki chache tu kabla ya somo hilo, tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti jirani ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba kipenyo chake kilikuwa takriban mita 2.5 na uzani wake takriban kilo 500. Uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vyombo vya aina hiyo huundwa viteketee vinaporejea katika angahewa, au vianguke mahali pasipo watu kama vile baharini.

Hapa pana kisa, pana hofu, na juu ya yote pana swali: je, pete ile ingemwangukia mtu, nani angewajibika? Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya vyombo vya anga za juu unaitwika nchi iliyorusha chombo jukumu la kulipa fidia kwa madhara yatokeayo ardhini, hata kama haikuzembea. Mwanafunzi akishika kisa hicho, swali hilo na sheria hiyo, tayari ana mwanzo, kiini na hitimisho la hotuba.

3.0 Vigezo vya Uteuzi

Kutokana na mfano huo, tunapendekeza vigezo vitatu.

Kwanza, ukaribu. Msikilizaji hutega sikio anaposikia habari ya kwao. Masimulizi ya Wakamba yanamkumbuka Syokimau, nabii anayesemekana kutabiri ujio wa reli kwa mfano wa nyoka mrefu. Mzungumzaji aweza kuanzia hapo, kisha akauliza mtabiri wa leo angeiitaje roketi.

Pili, swali. "Historia ya ndege" ni kichwa tu, si swali. Linganisha na hili: kwa nini uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una njia ya kurukia inayozidi kilomita 4, ilhali ile ndefu ya Mombasa haifiki urefu huo? Sehemu ya jibu imo hewani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mabawa huiinua ndege kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi, na hivyo umbali mrefu zaidi, kabla ya kupaa. Mwanafunzi wa Makueni, anayeziona ndege za Nairobi na Mombasa zikipita juu ya kwao, ana haki ya kulijua hilo.

Tatu, lugha. Mada nzuri humpa mzungumzaji fursa ya kukichezesha Kiswahili. Neno "ndege" lenyewe ni somo. Tunasema "ndege ameruka" tukimaanisha kiumbe, na "ndege imeruka" tukimaanisha chombo. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha manyoya na chuma. Mzungumzaji akiuanza wasilisho kwa sentensi hizo mbili, darasa litacheka na kujifunza kwa wakati mmoja.

4.0 Hitimisho

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na kisa cha Mukuku pamoja na vigezo hivi. Yule msichana alichagua swali la fidia. Alikosea ngeli mara mbili na kusahau sentensi moja, lakini wenzake walimuuliza maswali mpaka kengele ikalia. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi wangefaa kuwapo. Wenzangu tunaojiandaa kufundisha, kabla hatujamsahihisha mwanafunzi kiimbo, tumsaidie kwanza kupata jambo ambalo yeye mwenyewe angependa kulisema. Anga lililo juu ya Kitui na Makueni ni la watoto wa huko pia.