Somo: Kuisoma Hesabu ya Mazao ya Mafuta, kwa Mfano wa Nazi za Kiribati

Katika majedwali ya kilimo ya nchi mbalimbali hupatikana safu iitwayo ugavi wa ndani wa mazao ya mafuta. Katibu wa chama akiisoma safu hiyo kana kwamba ni kipimo cha mavuno, atakosea. Ugavi wa ndani ni mavuno ya nchi yakijumlishwa na mazao yaliyoagizwa kutoka nje, kisha yakatolewa yaliyouzwa nje na yaliyowekwa akiba ghalani; akiba ya zamani ikitolewa ghalani, huongezwa. Tarakimu hiyo yaweza kupanda hali mashamba hayakuongeza hata tunda moja.

Kiribati, nchi iliyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, yafaa kwa somo hili kwa kuwa zao lake kuu la mafuta ni moja tu, yaani nazi. Ni visiwa 33, na nchi kavu yake yote ni kama kilomita za mraba 800. Uchimbaji wa fosfati katika kisiwa cha Banaba ulikoma mwaka 1979, mwaka uleule wa uhuru. Watu wa visiwa vya mbali wakabaki na mbata kuwa mojawapo ya njia chache za kupata fedha taslimu. Vyama vya ushirika vya vijijini huipokea, huipima na kuilipia, kisha huingoja meli.

Mbata hiyo ni masazo tu ya matumizi mengine. Karara likigemwa halizai nazi. Na watu wa Kiribati ni wagema hodari. Tembo lao tamu, liitwalo karewe, hunywewa na wakubwa kwa watoto, na likichemshwa huwa asali nzito iitwayo kamaimai. Madafu hunywewa, nazi huliwa pamoja na samaki, nyingine hupewa nguruwe. Mizani ya chama haioni lolote kati ya hayo.

Bei nayo hupangwa na serikali. Mwaka 2016 ilipandishwa kutoka dola 1 ya Australia kwa kilo hadi dola 2, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 ikafikishwa dola 4. Soko la dunia halilipi kiasi hicho. Tofauti hutoka katika hazina, ambayo hutegemea sana ada za leseni za uvuvi wa jodari. Bei ikiwa nzuri, nazi ambazo zingeoza chini ya minazi huokotwa, na vitabu huonyesha ongezeko, ingawa minazi ni ileile. Mnazi mrefu uliopandwa leo hautazaa kabla ya miaka 6 hivi. Ruzuku ya namna hiyo ni msaada wa haki kwa watu walio mbali na ajira, lakini si sawa kuiandika kuwa ni maendeleo ya kilimo.

Jambo linalopotosha zaidi ni kinu. Kabla ya kinu cha Betio, huko Tarawa, kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mbata iliuzwa nje ikiwa ghafi. Ichukuliwe nchi ya kubuni iliyovuna tani 100, ikauza nje 70 na kuweka ghalani 10: ugavi wake wa ndani ni tani 20. Mwaka wa pili inavuna tani 90 tu, inatoa ghalani zile 10, na yote inaikamua nyumbani. Ugavi sasa ni tani 100. Mavuno yamepungua, na safu imepanda mara tano! Mafuta yenyewe huenda yamepakiwa melini yote.

Ukame pia hauonekani kwa wakati wake. Mwaka 2022 serikali ya Kiribati ilitangaza hali ya maafa kwa ajili ya ukame. Tangu ua kuchavushwa hadi nazi kukomaa hupita karibu mwaka mzima, na karara huanza kuumbika ndani ya kilele zaidi ya miaka 2 kabla ya kufunguka. Basi anayelinganisha mbata ya mwaka na mvua ya mwaka huohuo hataielewa sababu ya upungufu.

Lililo mikononi mwa katibu mwenyewe ni unyevu. Mbata iliyokauka vema ina maji yapatayo asilimia 6. Chama kikipokea kilo 1,000 zenye maji asilimia 12, kilo 880 tu ndizo kitu kikavu. Zikikaushwa ipasavyo zitabaki kilo 936. Kilo 64 za maji zimelipiwa, na kwa bei ya dola 4 hizo ni dola 256, nazo zimeingia vitabuni kwa jina la mavuno.

Zoezi kwa vikundi vya kujifunza: hesabu hiyo ifanywe upya kwa mbata yenye maji asilimia 9, kisha wanachama wajadili ni nani anayebeba hasara.