Mtoto Mchanga Apimwe Masikio Mapema

Mtoto asiyesikia hulia, hucheka na hata kubwabwaja kama wenzake katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana wazazi wengi hawatambui lolote. Asiposhtuliwa na honi za matatu mjini Thika, husifiwa kuwa ni mtoto mpole. Akifikisha miaka miwili bila kutamka neno, husemwa amefuata babake aliyechelewa kuongea. Kumpigia makofi si kipimo: huenda akageuka kwa kuona kivuli cha mkono au kuhisi upepo wake.

Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na hakiumi. Mtoto akiwa amelala, mhudumu huweka ncha laini ya kifaa kwenye tundu la sikio. Kifaa hutoa mlio mdogo, na sikio la ndani lililo zima hurudisha mwangwi hafifu ambao kifaa hunasa. Mwangwi usiponaswa, si lazima mtoto awe kiziwi. Huenda ni majimaji ya uzazi yaliyobaki sikioni. Mzazi huambiwa amrudishe apimwe tena, na hapo ndipo wengi hupotelea.

Wataalamu hupendekeza mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na usaidizi uanze kabla ya miezi 6. Mama anayempeleka mtoto chanjo ya wiki 6 anaweza kumuuliza muuguzi siku hiyohiyo, na kuomba rufaa iwapo kituo hakina kifaa. Asikawie hasa ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati, aligeuka manjano sana, au aliugua homa ya uti wa mgongo, hata kama alipimwa awali akaonekana sawa.

Kifaa cha kusaidia kusikia kina gharama zinazoendelea: betri, na kipande cha sikioni kinachobadilishwa mtoto anapokua. Ni vyema kuuliza hayo mapema, na pia kumsajili mtoto na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Thika inajulikana kwa shule ya wasioona na Joytown. Shule ya viziwi iko Kambui, humuhumu Kiambu.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, hivyo familia nzima huanza kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge. Ishara hazimzuii mtoto kuongea. Nyumbani huanza na chache: maziwa, lala, njoo, nyanya.