Siku 84 za Sirari, miezi mitatu ya Isebania

Wadogo zangu wa Tarime na Serengeti, leo tuongee likizo ya uzazi. Najua mnavyolinganisha. Mmoja ameajiriwa dukani Sirari, binamu yake yuko Isebania, hatua chache tu ukivuka mpaka. Wakibeba mimba mwaka mmoja, maneno huanza: mwenzangu kapewa miezi mitatu, mume wake wiki mbili, mimi je?

Wewe una siku 84 zenye malipo, na 100 ukijifungua mapacha. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mkenya anakuzidi wiki moja hivi. Pengo kubwa liko kwa baba, maana wa kwetu anapata siku 3. Siku tatu! Mama aliyepasuliwa huenda bado yuko wodini. Hilo linaniuma, na natamani kina baba wenyewe walipigie kelele kwenye vyama vyao vya wafanyakazi. Sweden wazazi hugawana siku 480 kwa mtoto mmoja. Marekani, pamoja na utajiri wake, sheria ya taifa ya 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena si kwa kila mwajiriwa.

Lakini, mdogo wangu, wengi wetu hatuzipati hata hizo 84. Wewe wa hoteli za kitalii Serengeti, unayeitwa wageni wakijaa na kurudishwa nyumbani wakipungua, umeambiwa kibarua hana likizo. Si kweli. Sheria inamtaja waziwazi mfanyakazi wa msimu kuwa ana haki ya likizo yenye malipo. Na aliyeitwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule, miezi yake ikijumlishwa ikapita sita ndani ya mwaka, naye anayo. Kwa hiyo tunza karatasi za malipo. Hata ujumbe wa simu wa kukuita kazini usiufute.

Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi miezi mitatu kabla ya tarehe ya matazamio, uambatanishe cheti cha daktari, ubaki na nakala. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla ya kujifungua. Miezi miwili ya mwisho asikupangie zamu ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ukirudi kazini unaruhusiwa kutumia hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Akikufukuza kwa sababu ya mimba, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Najua una kichanga mkononi na mwili haujapona. Mtume ndugu akakuulizie utaratibu, lakini siku zisipite.

Wanaonikosesha usingizi ni mama anayeponda mawe ya dhahabu Nyamongo na yule wa ndizi sokoni Mugumu. Hawa hawana mwajiri, basi hawana wa kumdai siku 84. NSSF inapokea michango ya waliojiajiri. Nendeni, hata kwa kikundi, mkaulize kiwango cha kuchangia na mafao yapi yanawahusu, la uzazi likiwemo. Mwende mapema, kabla ya mimba, kwa sababu fao la uzazi halilipwi kwa aliyejiunga jana.