Aloi za Heusler: Usumaku, Ukinzani wa Umeme na Suala la Istilahi

Makala haya yanajadili kundi la aloi zinazobadili umbo zinapotiwa katika uga wa sumaku, pamoja na ugumu unaomkabili anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili bila kupotosha.

Mnamo 1903 mwanakemia Mjerumani, Friedrich Heusler, aliripoti kwamba mchanganyiko wa shaba, manganizi na alumini huwa sumaku, ilhali hakuna hata moja kati ya metali hizo iliyo sumaku ikiwa peke yake. Siri imo katika mpangilio. Katika manganizi tupu atomi hukaribiana mno, na sumaku zake ndogondogo hupingana. Katika aloi hiyo atomi hizo hutenganishwa na wenzake, nazo huelekea upande mmoja.

Aloi ya jamii hii iliyochunguzwa sana ni ile ya nikeli, manganizi na galiamu, Ni2MnGa. Hupoteza usumaku wake wenye nguvu ipashwapo joto kupita takriban nyuzi 103 za Selsiasi. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, fuwele zake zenye umbo la mchemraba hufupika upande mmoja. Hali ya kwanza huitwa austenaiti, ya pili martensaiti. (Kuongeza nikeli kidogo hupandisha halijoto ya badiliko hilo, jambo lenye manufaa makubwa kwa wahandisi.) Ndani ya martensaiti mna tabaka pacha zilizoelekea pande tofauti, uga wa sumaku ukija, tabaka zinazopatana nao hukua na kuzimeza nyingine, na kipande kizima hurefuka au kufupika. Mwaka 1996 Kari Ullakko na wenzake walipata badiliko la asilimia 0.2. Kufikia 2002 watafiti walikuwa wamekaribia asilimia 10.

Galiamu ikibadilishwa na indiamu, na manganizi ikizidishwa, mambo hugeuka. Hapa austenaiti ina usumaku mkubwa kuliko martensaiti, kwa hiyo uga wenye nguvu wa tesla kadhaa huirudisha aloi katika austenaiti hata bila kupashwa joto. Kwa kuwa martensaiti hukinza umeme zaidi, badiliko hilo huupunguza ukinzani ghafla: majaribio yaliyochapishwa 2006 yalionyesha upungufu uliopita asilimia 60.

Tuzo la kulitafutia jambo hili jina si jepesi. Kuziita “aloi zibadilikazo umbo” hakutoshi, maana hata msumari uliopindwa umebadilika umbo; sifa ya aloi hizi ni kulirudia umbo la awali, na sitiari ya kukumbuka ndiyo inayoibeba maana hiyo. “Aloi zikumbukazo umbo” ni afadhali.

Ukinzani ndio wenye utata zaidi. Mtu aweza kushawishika kuunda “ukinzanisumaku”. Lakini katika nomino kama kipimajoto na kinasasauti, sehemu ya pili hutaja kitendwa: joto hupimwa, sauti hunaswa. Kwa mantiki hiyo msomaji atadhani kinachokinzwa ni sumaku, ilhali kinachokinzwa ni umeme, na sumaku ni kisababishi tu. “Ukinzani wa umeme utegemeao sumaku” ni kirefu, lakini hakimpotezi mwanafunzi. Mwandishi wa kitabu cha fizikia anayependelea ufupi atalazimika kuongeza tanbihi chini ya ukurasa, na urefu alioukimbia utamrudia huko.